Kituo cha watoto pale Nyarugusu: niliyoyaona kwa wanangu wawili

Juzi kwenye foleni ya mgao dada mmoja mgeni, katika hawa waliovuka ziwa hivi karibuni, kaniuliza hivi kile kituo cha michezo ya watoto kina faida gani au ni sehemu ya kwenda kupoteza muda tu, maana mwanae wa miaka sita toka wafike hasemi neno na majirani washaanza kumwambia ampeleke akakemewe pepo. Nikamjibu haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa inasogea, ila nimerudi nyumbani roho haijatulia kabisa, nikasema acha niandike yote, mazuri na mabaya, mzazi mwingine akisoma ajue anampeleka mtoto wapi na ategemee nini.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi niko Nyarugusu, kambi hii ya wakimbizi mkoani Kigoma, toka mwaka ilipofunguliwa, 1996. Nilitoka Fizi, Kongo, na bibi yangu nikiwa na miaka tisa, tukavuka ziwa Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi uliojaa watu mpaka maji yanaingia, na tulivyofika hapa hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza nalalaje. Simlaumu mtu, wakubwa wenyewe walikuwa wanahangaika na turubai na maji na kutafuta nani kafika nani hajafika. Ila watoto wa wakati ule tulijilea. Aliyekojoa kitandani alichapwa, aliyeshtuka usiku akapiga kelele aliambiwa nyamaza unaamsha wenzio, na mi mwenyewe nimeota maji yananifunika mpaka nilipopata mtoto wangu wa kwanza. Nimekuja kujua ukubwani kwamba mwaka uleule wa 1996 mama Graça Machel alikuwa anapeleka Umoja wa Mataifa ripoti yake kuhusu watoto na vita, akisema mtoto wa vita anaumia hata kama hana jeraha la kuonekana. Yani wakati mi nashuka kwenye mtumbwi kuna mama alikuwa anatusemea huko, ila kwetu hayo maneno yalichelewa sana kufika.

Sasa tuje kwenye 2023. Mdogo wangu akaja na watoto wawili, wa kiume miaka nane na binti wa miaka kumi na tatu. Kijiji chao kiko huko juu milimani Fizi, kiliingiliwa usiku, nyumba zikachomwa, baba yao walipotezana naye usiku huohuo na mpaka leo hatujapata habari zake. Wakashuka kwa miguu hadi ziwani, wakapanda boti, wakatokea Kibirizi, wakakaa pale NMC, kituo cha kupokelea wakimbizi Kigoma mjini, wakati wa kuandikishwa, ndo wakaletwa huku kwa basi. Nilivyowaona nikashukuru Mungu, wako wazima, mikono ipo miguu ipo. Sikujua bado.

Yule wa kiume alikuwa halali bila viatu. Kandambili tu za mpira, kamba moja imeshonewa na waya, lakini ukimwambia vua upande mkekani anakubali, ukizima taa anavivaa tena. Mara ya kwanza nikadhani ni utundu, nikamvua mwenyewe akiwa usingizini, alipogutuka akazikosa miguuni alilia kilio ambacho sijawahi kusikia mtoto analia hivo, akawa anapapasa chini gizani anatafuta kama mtu anayetafuta roho yake. Ndo mama yake akaniambia, dada, usiku ule alikimbia peku, kwenye mawe, kilomita sijui ngapi. Basi nikamwacha alale navyo. Mvua ikinguruma anaingia chini ya kitanda, na mnajua mvua za Kigoma na radi zake, kuanzia Oktoba huko ni karibu kila siku. Pikipiki ikipita kwa nguvu anajikunja. Na alikuwa anakojoa kitandani, mtoto wa miaka nane, anaamka mapema anajificha kuficha nguo.

Aliyetuambia habari ya kituo ni jirani yangu mmoja Mrundi, mwanae alikuwa anaenda. Wao wanaita siefuesi, jina la kiofisi ni sehemu rafiki kwa watoto, watoto wenyewe wanasema tu twende kwenye michezo. Nilienda kuangalia kabla ya kumpeleka mtoto na kwa macho hapavutii hata kidogo, ni banda la mabati lenye ukuta wa nusu, uwanja wa vumbi letu hili jekundu, bembea mbili na moja ilikuwa mbovu, vyoo vya wasichana na wavulana vimetengana na hilo niliwapa alama, tangi la maji ya kunawa na sabuni imefungwa kwenye kamba isiibwe. Kuna zamu ya asubuhi saa tatu hadi saa sita kwa wanaosoma mchana, na ya saa nane hadi saa kumi kwa wanaosoma asubuhi. Nikasema moyoni hiki ndo kitamponya mtoto aliyeona nyumba inaungua? Bembea?

Lakini nikampeleka. Siku ya kwanza alikaa nje ya ukuta, mgongo kwenye ukuta, uso njiani, yani akae sehemu anayoweza kukimbia. Nikamfuata mwezeshaji, kijana mmoja mkimbizi mwenzetu, hawa wanaolipwa posho ya insentivu, nikataka kumwambia historia yote ya mtoto hapohapo mbele yake. Akanisimamisha kwa heshima kabisa, akaniambia mama tutaongea pembeni, mbele yake tusiyaseme, na yeye hatumuulizi, akitaka atasema. Akachukua kipande cha mkeka akakaa mbali kidogo na mtoto, naye mgongo ukutani, akawa anasuka kamba ya kuruka. Dakika nyingi tu. Hakumwita, hakumpa pipi, hakumwambia njoo ucheze na wenzio. Kesho yake vilevile, na saa ileile. Siku ya tatu mtoto akamshikia ncha ya kamba.

Baadaye nilikuja kuelewa hilo wamefundishwa, kuna maneno matatu wanayashika kwenye huduma ya kwanza ya kisaikolojia, tazama, sikiliza, unganisha, na kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata ndo kosa la kwanza wanalokatazwa. Nilipata aibu maana sisi nyumbani tulikuwa kila mgeni akija tunamwambia haya mwambie mjomba mlivyokimbia, tukidhani akisema sana yatamtoka. Kumbe tunamrudisha kulekule kila siku.

Utaratibu wao wa kila siku ni mmoja na haubadiliki. Mduara kwanza, kila mtoto anatajwa jina na wote wanaitikia, halafu wimbo, halafu mchezo wa kukimbia, halafu kitu cha kukaa chini kama kuchora au mdako au hadithi, wanarudi kwenye mduara, wimbo wa kuagana, nyumbani. Michezo mingi ya kwenye mduara haina maneno, ni kumwiga mwenzio anavyofanya, kumpa makofi kwa mkono, kwa sababu pale kuna watoto wa Kirundi wasiojua Kiswahili na wetu wasiojua Kirundi, na nimeona kwa macho yangu mtoto wa Fizi na mtoto wa Makamba, Burundi, wanacheka mpaka wanakaa chini hawajasemeshana hata neno. Mi niliona ule utaratibu unachosha, kila siku wimbo uleule, nikamuuliza yule kijana mbona hambadilishi. Akanijibu mama, huyu mtoto hajui kesho atalala wapi, hajui baba yuko wapi, hajui mgao utapungua au utaongezeka, acha basi ajue wimbo gani unafuata. Hilo jibu nimelibeba mpaka leo, na ndo kipimo ninachokitumia kwa huduma yoyote ya watoto wa vita. Mtu yuleyule, saa ileile, kila siku. Mengine yote yanakuja juu ya hapo.

Niwape mfano wa kitu kidogo walichomfundisha. Wanaita kupoza uji. Mtoto anaweka mikono miwili kama ameshika kikombe cha uji wa moto, anavuta harufu kwa pua taratibu moja mbili tatu nne, halafu anapuliza kwa mdomo polepole sana uji usimwagike, na ukipuliza kwa fujo wenzio wanakwambia umemwaga. Nikadhani ni mchezo wa watoto wadogo. Novemba ile mvua ikaja usiku, radi ya karibu, nikawasha tochi nikijua atakuwa chini ya kitanda, nikamkuta kakaa mkekani, viatu miguuni, mikono imeshika kikombe ambacho hakipo, anapoza. Na kati ya mwanga na ngurumo anahesabu, kwa sababu walishamwambia ukiona mwanga anza kuhesabu mpaka usikie sauti, kila ukifika tatu radi iko kama kilomita moja mbali na wewe. Akaniambia mama mkubwa, hii iko kilomita mbili, hailengi mtu. Nililia gizani asinione. Sa hivi na mama yake anahesabu naye.

Kitu kingine ni michoro. Miezi ya mwanzo alichora boti. Boti tu, na maji, hamna mtu ndani. Karatasi baada ya karatasi. Hakuna aliyemwambia chora kitu kingine, walimwandikia tarehe nyuma wakaweka kwenye faili lake. Wavulana wengine walikuwa wanatengeneza bunduki za mabua wanapigana vita, na mi kama mzazi ningezivunja zote nikawachapa, ila niliona mwezeshaji anawaingia kwenye mchezo wao anauliza haya huyu kaumia, nani anakuja kumsaidia? Wakaanza kubishana, mmoja akawa daktari, mwingine akawa gari la hospitali, mwingine mama anayepika kwa ajili ya majeruhi, na mpaka wiki ile inaisha mchezo ulikuwa hospitali zaidi ya vita.

Baadaye likaja zoezi la mti wa maisha. Hili nasikia lilitokana na kazi ya mama mmoja mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, akishirikiana na David Denborough wa Australia, na linatumika sehemu nyingi duniani. Mtoto anachora mti, mizizi ni ulikotoka na waliokuzaa, ardhi ni unapoishi sasa na unayofanya kila siku, shina ni unachokiweza, matawi ni unachokitamani, majani ni watu wako wa muhimu walio hai na waliokwenda, matunda ni mazuri uliyopewa na watu. Wakimaliza wanabandika yote ukutani inakuwa msitu, wanaongelea dhoruba zinazoupiga msitu. Kwenye majani mwanangu aliandika baba. Kwenye shina aliandika najua kuogelea na kupoza uji. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa muda mrefu.

Viatu alivivua mwenyewe, sikumbuki hata tarehe, nilikuta tu asubuhi vimewekwa mlangoni vimepangwa.

Sasa kabla mtu hajasema huyu kalipwa kusifia, nije kwa binti, maana hapa ndo kituo kiliniangusha karibu mwaka mzima. Binti wa miaka kumi na tatu hakupiga kelele, hakukojoa kitandani, hakuogopa radi. Alikuwa anaamka kabla yetu, anaenda bombani na madumu, anapika, anafua nguo za mdogo wake kimyakimya kabla mtu hajaziona, na sote tulikuwa tunasema huyu mtoto Mungu katupa, anatusaidia sana. Kituo nacho kilimwona hivohivo. Akija alikuja kama mlezi wa mdogo wake, anakaa pembeni na wasichana wengine wenye watoto mgongoni, mwezeshaji anawapa kazi ya kugawa uji. Saa za kituo ni saa za bomba na saa za kuni, msichana mkubwa atakuja saa ngapi? Alikuja kudondoka shuleni, mara ya kwanza tukasema njaa, maana mgao ulishapunguzwa, mara ya tatu zahanati wakasema damu iko sawa, malaria hana.

Aliyegundua ni mama mmoja mwezeshaji, si mtaalamu, mkimbizi tu aliyesoma semina zao. Alimuuliza unakula saa ngapi, unalala saa ngapi, unacheza lini. Akajibu mi sichezi, nikicheza nani ataangalia mlango. Mtoto alikuwa analinda mlango usiku mzima miezi yote ile, ndani ya nyumba yangu, na mi nasifia anaamka mapema.

Ndo nikaelezwa vizuri hizi huduma zimepangwaje, na naomba wazazi walishike hili kwa sababu wengi tunadhani ni bembea au wodi ya wagonjwa wa akili, hamna katikati. Kuna mwongozo wa kimataifa wa 2007 wa mashirika ya dharura, wanauchora kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa ni usalama, chakula, maji, makazi, vitolewe kwa namna isiyomdhalilisha mtu. Juu yake ni familia na jamii, kuunganisha waliopotezana, kanisa, msikiti, shule, michezo. Juu tena ni wale wanaohitaji kukaa na mtu aliyefundishwa, mmojammoja au kikundi kidogo, siyo lazima awe daktari. Kileleni ndo wachache wanaohitaji mtaalamu wa akili na pengine dawa. Watoto wengi wanasaidika na ngazi mbili za chini, ila zile za juu zikikosekana, yule mmoja anayezihitaji anapotea mbele ya macho yenu. Binti yangu alikuwa wa ngazi ya tatu na sisi tulimweka ya pili kwa sababu ni mpole.

Na hapo kwenye ngazi ya tatu ndo foleni. Washauri nasaha walikuwa wachache mno, tulipewa miadi, tukasubiri wiki, ikasogezwa, tukasubiri tena. Alipofikiwa alipata mshauri mzuri, mwanamke, sehemu yenye mlango unaofungwa, akaingizwa kwenye kikundi cha wasichana cha Jumamosi, na wale wenye wadogo mgongoni waliruhusiwa kuja nao na kuna mtu wa kuwashikia. Kile kikundi nakisifu kwa moyo wote. Wanacheza rede. Yani mtu mzima unaweza kusema rede ina nini, ila mi nimemwona huyu binti anakwepa mpira anacheka kwa sauti, na nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake toka ashuke kwenye basi.

Malalamiko yangu mengine nayasema wazi ila sitaji shirika, maana wapo wengi na nia yangu si kumchafua mtu.

Moja ni kuhoji watoto. Kila mradi mpya ukija unakuja na fomu yake, na mtoto anaulizwa upya nini kilitokea, nani alikufa, uliona nini. Mwanangu alisimulia kwa mtu wa kwanza, akasimulia kwa wa pili, wa tatu akamjibu kaangalie kwa mwenzio nimeshasema. Mtoto wa miaka tisa. Hivi hamuwezi kuulizana nyie kwa nyie, kwa siri inavyotakiwa, mpaka mrudishe kila mtoto kwenye moto ule?

Halafu picha. Wakija wageni stoo inafunguliwa, mipira mipya inatoka, watoto wanapangwa, wageni wakiondoka mipira inarudi ndani na kufuli. Watoto wanaona, jamani. Mtoto aliyekimbia vita anasoma watu haraka kuliko sisi. Siku moja mdogo mmoja aliuliza leo kuna wageni? Akaambiwa hapana. Akasema basi mipira haipo.

Kubwa kuliko yote ni lile la 2025. Januari ile Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tulisikia redioni kama habari ya mbali, baada ya muda si mrefu huduma huku zikaanza kupukutika moja moja. Kituo chetu kilifungwa siku moja. Jana yake watoto waliimba wimbo wa kuagana kama kawaida, kesho yake wamekuta kufuli. Hakuna aliyewaambia watoto. Najua pesa iliisha na haikuwa kosa la waliopo pale, ila kuaga hakuhitaji bajeti, mngewaweka kwenye mduara mkawaambia tunafunga, hamjakosea kitu, tunawapenda, mkawapa michoro yao waende nayo. Hawa ni watoto ambao kila kitu chao kiliondoka usiku mmoja bila kuaga, na nyie mkaondoka vilevile. Mwanangu alienda pale siku mbili mfululizo saa tatu asubuhi akakaa nje ya ukuta, mgongo ukutani. Usiku wa pili akalala na viatu.

Yule kijana wa kamba na yule mama aliyemgundua binti wangu, posho zao zilikatwa kama wengine wote, wana watoto wao na mgao wao ni huuhuu mdogo. Wiki haikuisha wakaja chini ya mwembe nyuma ya banda, na kamba, na debe la kupigia ngoma, na mpira wa manailoni. Saa tatu. Wakaita majina. Wazazi tukachangia tulichoweza, mmoja analeta mkeka, mwingine maji ya kunywa, mi nilikuwa napeleka kuni za uji siku ambazo unga upo. Miezi kadhaa walifanya hivo bila shilingi. Wakati tunaongelea wataalamu na miradi naomba hawa wasisahaulike, maana mwanangu alivua viatu tena kwa sababu yao, si kwa sababu ya nembo iliyokuwa imeandikwa kwenye lile bati.

Sasa hivi banda limefunguliwa tena chini ya wengine, siku tatu kwa wiki badala ya tano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kikundi cha wasichana cha Jumamosi kinaendelea kwa kujitolea. Wale wawili wamechukuliwa tena. Ukiniambia nigawe nyota, wafanyakazi wale wa chini kabisa nawapa tano zote, kituo kama kituo nakipa nne kwa siku zinazofunguliwa, na namna miradi inavyopangwa na kufungwa naipa mbili, tena moja ni kwa sababu walijenga vyoo vizuri.

Kwa mzazi anayetaka kumpeleka mtoto. Nenda na kadi yako ya familia, kuandikishwa ni bure na akikudai mtu hela au chochote kile, iwe kwako au kwa binti yako, kamripoti kwa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Siku tatu za mwanzo kaa naye pale, usimwache na kukimbilia sokoni. Uliza jina la mwezeshaji wake na uhakikishe ni huyohuyo kila akija. Maneno ya mtoto myaseme pembeni. Ukiona wiki zinapita hali chakula, anaongelea kufa, anajiumiza, anadondoka, usisubiri michezo imponye, dai rufaa ya mshauri au hospitali na urudi kuulizia mpaka upewe tarehe. Kama una binti mkubwa anayekusaidia sana, muulize analala saa ngapi. Na mkitaka kumwombea mtoto mwombeeni, mi mwenyewe nasali, ila asikemewe wala kufungishwa wala kuchapwa kwa sababu haongei, hana pepo huyo, anangoja aone kama hapa nako patachomwa. Wala usijione unaomba hisani, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 39 kinasema mtoto aliyeumizwa na vita asaidiwe apone mwili na akili na arudi kwenye jamii, mahali panapolinda afya yake na heshima yake. Ni haki yake, imeandikwa.

Dada wa kwenye foleni nimeshampata, anakaa karibu na kisima cha zamani. Jumatano saa mbili na nusu anapita kwangu tunaenda wote. Mwanangu kasema mtoto asipotaka kuingia ndani atakaa naye nje ukutani.